Lori Lililopitwa na Nguruwe

Siku lori letu lilipopitwa na nguruwe, habari ilifika nyumbani kabla yangu. Nguruwe mwenyewe alikuwa amefungwa chali kwenye karia ya baiskeli, miguu juu, anapelekwa sokoni Nambale, na aliyekanyaga pedali ni mwenye baiskeli. Lakini watu wa kwetu hawakutaka maelezo hayo. Nilipitwa na nguruwe, basi. Mpaka leo nikienda kununua sukari kuna mama mmoja mwenye duka ambaye hukoroma kidogo kabla ya kunisalimu.

Nilikuwa natoka Malaba na shehena ya saruji. Mpando wenyewe si wa kutisha. Unaacha daraja, unapinda kidogo, kisha barabara inainuka mpaka kwenye miti ya mikaratusi. Gari lenye afya hupanda hapo kwa gia ya tatu huku dereva akipiga soga. Siku hiyo nilishuka gia ya pili, nikashuka ya kwanza, na hiyo ya kwanza ikaanza kulia. Nyuma yangu moshi mweusi ulikuwa umeziba barabara nzima. Kutoka ndani ya moshi huo, kwenye kioo cha pembeni, nikaona pua ya nguruwe. Ikapanda polepole mpaka usawa wa mlango wangu, tukatazamana. Mwenye baiskeli akasema, "Pole, mama," kwa upole kabisa, akaenda zake. Angenitukana ningepona mapema.

Lori ni la baba. Ni la dizeli, la zamani, na injini yake haina turbo ya kuisukumia hewa. Inavuta pumzi yake yenyewe, kama mimi na wewe. Ikikosa hewa, dizeli haiungui yote, na ile isiyoungua hutoka nyuma kama moshi wa tanuri la matofali. Baba alilijua lori hilo kuliko alivyotujua sisi watoto wake. Akisikia linapita barabarani mimi nikiendesha, aliweza kusema ni gia gani nimekosea, na alisema mbele ya wageni. Mimi ni kifungua mimba wake, na ndimi pekee niliyekubali kufundishwa lori kwa kelele zile mpaka nikapata leseni.

Kisha alianguka. Alikuwa juu ya mzigo akikaza turubai, kamba ikakatika, akavunjika nyonga. Alilala hospitalini, halafu akalala nyumbani tangu mwanzo wa mvua za masika, na wakati wote huo lori liliegeshwa ubavuni mwa nyumba, upande wa chumba chake. Alipoanza kutembea kwa magongo ndipo aliponituma Malaba. Hiyo ndiyo ilikuwa safari ya kwanza ya lori baada ya kulala muda mrefu, na ndiyo safari ya nguruwe.

Alasiri ileile ndugu yake mdogo, tunayemwita baba mdogo, alifika kwa baiskeli kutoka Marachi. Tangu baba atoke hospitalini hakuwa amekanyaga kwetu. Lori walilinunua pamoja ujanani, baba akiendesha na yeye akipakia, kwa hiyo ana sauti juu yake. Alikataa kiti, akakataa chai. Alisimama uani, amelipa lori kisogo.

"Hii lori iende skrapu," akasema. "Kuna mtu wa vyuma pale Busia, atakuja kuibeba. Lori gani inapitwa na nguruwe?"

"Nguruwe alikuwa amebebwa," baba akasema.

"Hiyo ndio mbaya zaidi. Hata hakuwa anajaribu."

Mimi, nakiri, nilikunja midomo nisicheke. Wakabishana mpaka kuku wakaanza kwenda kulala. Mwisho wakafikia makubaliano ambayo watu wazima wenye akili timamu hawawezi kuyafikia, ila ndugu wawili wanaweza. Siku ya soko inayofuata, mzigo uleule, mpando uleule. Baba mdogo atapanda kwa baiskeli yake mwenyewe. Akifika kwenye mikaratusi kabla ya lori, lori linauzwa chuma chakavu. Lori likisimama njiani, hali kadhalika. Likimpita, litabaki na hatalisema tena.

Msidhani ilikuwa rahisi kwetu. Baba mdogo ujanani alivusha watu mpakani Busia kwa baiskeli, abiria na mizigo yao nyuma, na sifa za mapaja yake zilivuka hadi Uganda bila kukaguliwa. Sasa ana mvi mpaka kwenye nyusi, lakini mvi haziko miguuni.

Usiku huo baba hakugusa ugali wake. Nilimtazama nikaelewa, na nikaogopa sana. Kilichomtoa kitandani si dawa, ni kusudi la kurudi kwenye lori lile. Likibebwa kwenda Busia, yeye atarudi kulala, na hakutakuwa na kitu cha kumwamsha.

Kesho yake kila mtu akawa bingwa wa hewa. Mwalimu wa michezo wa shule ya jirani alishauri lori lifanyishwe mazoezi asubuhi, bila mzigo, kwa mwendo wa pole. Jirani mwenye kibanda cha simu alishauri tuliwekee feni mbele ya injini, na alileta feni kweli, ya mezani, na waya wake. Alipoulizwa waya utachomekwa wapi mpandoni, akanuna, akakaa kitako hapo hapo aone kama kuna mwenye wazo bora.

Nilimwita fundi kutoka Malaba. Ni mzaliwa wa upande wa pili wa mpaka, mtu wa maneno mengi na mikono miwili mizuri. Aliwasha injini, akaweka sikio kwenye bati la mlango, akafumba macho.

"Nyabo," akaniita, kama wanavyomwita mama kwao, "hii injini imenyongwa."

"Na nani?"

"Sijui. Lakini imenyongwa. Tuiwekee turbo ya gari ndogo, itaruka mpaka Eldoret."

Baba akapiga gongo chini. Turbo isiyo ya lori hilo ingepasua injini, na fundi alijua, alikuwa anapima tu bei ya ujinga wetu. Akainama, akafungua mkebe wa chujio la hewa.

Ulikuwa umejaa kitu kama mchanga mzito. Fundi akachota kwa kidole, akanusa, akalamba. Mimi niligeuka nisitapike.

"Nyabo," akasema taratibu, "hii ni asali."

Ndani ya mkebe kulikuwa na nta, asali iliyochanganyika na vumbi, na nyuki waliokufa, wengi, wamebanana kwenye chujio. Tukainua macho. Nyuma ya kabini kuna bomba pana la bati lililosimama wima, linaloenda kuchukua hewa juu, mbali na vumbi la barabara, na lina kofia ya kuzuia mvua. Fundi akaligonga kwa spana. Bomba likajibu. Sauti ilikuwa ya chini, ya watu wengi walioudhiwa kwa pamoja.

Sikumwona fundi akikimbia. Nilimwona tu akiwa hapa, halafu nikasikia komeo la jiko letu likifungwa kwa ndani. Mwenye feni alifuata, akakuta mlango umefungwa, akajifunika kichwa kwa ndoo. Kuanzia hapo kazi yote iliongozwa na fundi kutoka dirisha dogo la jikoni, huku akila viazi vyetu vitamu.

Sasa ilikuwa wazi. Miezi yote ambayo lori lililala, kundi la nyuki lilipata nyumba isiyo na mwenyewe, yenye paa na giza, wakahamia. Masega yao yaliziba njia ya hewa. Nilipowasha injini kwenda Malaba, ilikuwa ikijaribu kupumua kupitia mzinga.

"Moto na moshi," fundi akasema dirishani. "Wakitoka, tunasafisha, inaisha."

"Hakuna atakayewagusa," baba akasema.

Nikadhani ni mambo ya nyanya yangu. Mama yake alikuwa akisema kundi la nyuki likija lenyewe nyumbani ni wageni, na mgeni hafukuzwi, na sisi wote tumelelewa hivyo. Lakini baba alikuwa na lake. Alitembea kwa magongo mpaka kwenye lori, akaweka kiganja juu ya bomba, hakuogopa hata kidogo.

"Nililala mle ndani tangu masika," akasema, akionyesha ukuta wa chumba chake. "Nilikuwa nasikia kitu kinanguruma. Nikadhani ni masikio yangu yameharibika. Kumbe ni hawa. Hawa walikuja. Nyinyi mlikuja lini?"

Alikuwa akimwambia fundi, na mwenye ndoo kichwani, na barabara ya kwenda Marachi kwa baba mdogo. Mimi niliyemwogesha, nikamlisha, nikambadilishia shuka, nilihisi masikio yakiwaka moto. Nilitaka kumwambia maneno mazito. Kisha nikamwona kidevu kinatetemeka, nikajua si mimi anayemtafuta. Nikaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Basi nyuki wakabaki, na hewa ikatafutiwa mlango mwingine. Bomba la zamani lilikuwa limeshikwa na kutu kwenye kabini, na hakuna aliyekuwa tayari kulikumbatia alifungue. Fundi akaamuru kutoka jikoni tuletewe bomba la plastiki la maji, jeusi, pana kuliko lile la bati. La zamani lilipinda mara mbili kabla ya kufika kwenye chujio, na kila pindo linaichosha hewa. Jipya tukalilaza moja kwa moja ubavuni mwa kabini, mdomo ukiangalia mbele, mbali na joto la injini. Hewa baridi ni nzito, fundi akasema, injini inashiba haraka. Mdomoni tukafunga waya wa banda la kuku ili lisimeze ndege.

Jioni nyuki walipotulia, fundi alikubali kutoka, amejifunga blanketi langu mpaka machoni. Akaziba mguu wa bomba la zamani kwa kifuniko cha mkebe wa rangi na mpira wa tyubu. Akaosha mkebe wa chujio kwa dizeli, akatia chujio jipya. Kisha akazunguka nyuma, akakuta mdomo wa ekzosi umebonyea kwa sababu mtu fulani alirudi nyuma akagonga kichuguu. Mtu huyo hakutajwa. Akaukata kwa msumeno.

"Kupumua ni kuingiza na kutoa, nyabo. Watu wanakumbuka kuingiza tu."

Tulipowasha, lori lilivuta hewa kwa sauti ya mzee anayekunywa uji wa moto. Baba alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu kamba ikatike.

Siku ya soko, kabla nyuki hawajaamka, nilipanda nikafunga mdomo wa bomba lao kwa gunia la vitunguu, lile la wavu, wapate hewa wasipate safari. Baba akasema anakuja. Nikasema hapana. Tukamwinua mimi na jirani wa feni, tukamweka kabini na magongo yake.

Malaba tulipita kando ya foleni ndefu ya matrela. Dereva mmoja aliyekuwa akipiga mswaki kwenye ngazi ya kabini yake akaniita, "Mama, gari yako inaimba!" Nikamwambia aendelee na meno. Tukapakia saruji, tukageuza. Njiani polisi wa trafiki alitusimamisha, akazunguka lori, akasimama nyuma ya kabini akikunja uso.

"Umebeba nini?"

"Saruji, boss."

"Na hii ingine?"

"Nyuki."

"Wa kuuza?"

"Hapana. Ni wageni wa mzee."

Akamtazama baba. Baba akainamisha kichwa kwa heshima, kama mtu anayethibitisha idadi ya abiria. Polisi akaweka sikio kwenye bomba, akalitoa haraka, akasema tuendeshe polepole tusiwasumbue.

Darajani nusu ya soko ilikuwa imehamia. Kulikuwa na mahindi ya kuchoma, kulikuwa na ngoma moja iliyopigwa bila mpango, na kulikuwa na yule mtu wa nguruwe, amekuja na baiskeli yake tupu, anapokea pongezi. Baba mdogo alisimama katikati ya barabara amevaa koti la suti na viatu vya mpira, suruali imeingizwa kwenye soksi. Mnyororo wa baiskeli aliupaka mafuta mpaka ukadondosha. Hakumtazama baba. Baba hakumtazama.

Mtu akapiga filimbi, tukaondoka.

Baba mdogo aliruka mbele. Miguu ile ilikuwa bado ina Uganda ndani yake. Nikaingiza gia ya pili, nikaingiza ya tatu, nikasubiri kile kilio. Hakikuja. Injini ikavuta ule uji wake, ikashusha pumzi, ikavuta tena. Kwenye kioo moshi ulikuwa mwembamba wa kijivu, naona barabara, naona watu wanakimbia nyuma yetu. Nyuma ya vichwa vyetu nyuki nao wakanguruma. Baba aliweka mkono juu ya dashibodi kama unavyomshika ng'ombe anayezaa.

Katikati ya mpando tulikuwa mita chache tu nyuma ya baba mdogo. Amesimama kwenye pedali, koti linapepea. Nilijua tumeshinda. Nilihisi furaha mbaya kabisa, ya kuonea. Kisha nikaona mabega yake. Yalikuwa yanapanda bila kushuka. Baiskeli ikaenda kushoto, ikaenda kulia, akageuza uso kidogo, na mdomo ulikuwa wazi, hakuna kinachoingia. Hata hivyo hakushuka.

"Simama," baba akasema.

"Baba, tukisimama tumeshindwa."

"Simama nimesema! Huyo ni ndugu yangu."

Nilikanyaga breki nikilia kwa hasira. Lori zima, saruji yote, katikati ya mpando. Mtu wa nguruwe akaja mbio na jiwe kubwa, akaliweka nyuma ya gurudumu. Baba mdogo alikuwa ameketi barabarani kando ya baiskeli, kifua kinapiga. Kabla sijazunguka kumsaidia, baba alikuwa ameshashuka kabini. Sijui alishukaje. Gongo moja lilibaki juu.

"Toa," akamwambia, amemshika bega. "Usivute kwanza. Toa yote. Sasa vuta."

Walikaa hivyo, mmoja akitoa amri na mwingine akipumua, mpaka rangi ikamrudia baba mdogo midomoni. Watu waliokimbia na sisi walisimama pembeni, ngoma ikiwa imewekwa chini.

"Nikiiona imesimama pale ukutani," baba mdogo akasema, "naona wewe umelala. Ndio maana sikuja. Nilitaka itoke pale."

Baba akaegemea gongo lake, akainuka.

"Panda gari," akasema.

Baiskeli ikarushwa juu ya saruji. Tukabanana watatu kabini, magongo katikati. Sasa lori lilipaswa kuondoka na mzigo kamili kutoka kusimama, mpandoni, jambo ambalo hata likiwa jipya halikulipenda. Nikaingiza gia ya kwanza, nikaachia klachi unywele kwa unywele. Lori likatetemeka. Likafikiri.

"Vuta!" baba mdogo akapiga dashibodi. "Vuta, mama, vuta! Usiiachie! Vuta!"

Alikuwa amesahau kabisa yuko upande gani. Lori likasogea, jiwe likabaki nyuma, tukaanza kupanda kwa mwendo wa maandamano ya mazishi, huku injini ikinywa hewa yote ya Nambale na sisi watatu tumeinama mbele kana kwamba tunasukuma.

Ndipo kwenye dirisha langu nilipoona baiskeli. Mtu wa nguruwe, karia tupu, amenyooka vizuri. Akafika usawa wa mlango. "Pole, mama," akasema, akatupita.

Baba alitazama upande wa mashamba. Baba mdogo alikagua kucha zake. Mimi nilitazama mikaratusi tu, na tulipoifikia hakuna aliyekuwa ameona kitu.

Nyumbani wakauliza nani alimpita nani. Baba mdogo akavua koti, akakubali kiti, akakubali chai. "Mimi sikuipita," akasema. Na huo ni ukweli, ukipenda kuuangalia kutoka upande huo.

Tangu hapo huja kila Jumapili baada ya kanisa, sasa anaikokota baiskeli mpandoni wala haoni aibu. Anasema amekuja kuangalia nyuki. Baba humngoja kwenye benchi kando ya lori, na wakishaketi hunitangazia gia nilizokosea wiki nzima, sasa kwa sauti mbili.

Nyuki walihama kiangazi kilipoanza. Niliona kundi likiondoka asubuhi moja, nikapanda, nikachungulia ndani ya bomba, mna masega makavu tu. Fundi ametaka mara kadhaa kulikata lile bomba, halina kazi, nami namkataza. Jumapili iliyopita nilikuwa nimesimama karibu na sinia mkononi baba mdogo alipofika, akafuta jasho, akauliza kama kawaida.

"Nyuki wanaendeleaje?"

"Wapo," baba akasema.

Baba mdogo akaweka sikio kwenye bati. Akasikiliza kwa muda mrefu, macho amefumba, mkono mmoja umeshika bega la ndugu yake asiyumbe.

"Wapo," akasema. Nikawamiminia chai.